Uwekevu na Uchumi: Historia ya Baraza la Pamoja la Elimu ya Uchumi katika Shule za Marekani

Utangulizi

Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo mawili ambayo Kiswahili huyatenga. Neno hilo asili yake ni Kigiriki cha kale, ambako oikos ni nyumba na nomos ni kanuni, na maana yake ya kwanza ilikuwa uendeshaji wa mambo ya nyumbani: ghala lifunguliwe lini, nani apimiwe nini, na kilichobaki kihifadhiwe wapi. Kutoka hapo neno likashika njia mbili. Katika njia ya kwanza lilibaki nyumbani, likawa na maana ya kutumia kwa hadhari na kuweka kinachobaki. Katika njia ya pili lilitoka nje likaingia katika mabaraza ya serikali, likawa na maana ya mfumo mzima ambao kwao taifa huzalisha, hugawa na hutumia mali.

Kiswahili kina uwekevu kwa jambo la kwanza na uchumi kwa jambo la pili. Uwekevu hutokana na kuweka. Uchumi hutokana na kuchuma, kitenzi kile kile kinachotumika kwa matunda na mboga. Asemaye "Mchumia juani hulia kivulini" ana jasho la mtu na chakula chake katika fikira. Sanduku la fedha halimo. Akiba, neno la asili ya Kiarabu lililotoka katika mzizi wenye maana ya kufuata nyuma, ina methali zake yenyewe: "Akiba haiozi", "Haba na haba hujaza kibaba", na lile onyo la "Chovya chovya humaliza buyu la asali". Ni kweli kwamba lugha ilipata pia neno iktisadi, ambalo huweza kukusanya uangalifu wa matumizi na elimu ya mali chini ya paa moja. Walakini neno lililoshika katika shule, magazeti na vyuo vya Afrika Mashariki ni uchumi.

Makala hii inakusudia kuitumia tofauti hiyo kuangalia historia ya shirika moja la Marekani lisilotafuta faida, yaani Joint Council on Economic Education, au Baraza la Pamoja la Elimu ya Uchumi, lililoundwa mwaka 1949. Tangu mwanzo kazi ya Baraza hilo imekuwa kuwafunza walimu, ili nao wawafunze watoto mambo ya uchumi. Hoja inayotolewa ni kwamba Baraza lilizaliwa ili kuyatoa mafunzo ya shule katika uwekevu na kuyapeleka kwenye uchumi. Kwamba lilifaulu kwa kiasi kikubwa kwa muda wa miaka thelathini hivi. Na kwamba tangu mwisho wa karne ya 20 mafunzo hayo yamekuwa yakirejea katika uwekevu. Mwenye kuisoma historia hiyo kwa Kiingereza huenda mageuzi haya yakampita, maana neno halibadiliki. Msomaji wa Kiswahili ana maneno mawili mkononi, na kwa hiyo anaweza kuuliza kila mara ni lipi linalofunzwa.

Senti za watoto, 1885–1933

Kabla ya kuwapo Baraza, shule za Marekani zilikwisha kuzoea kufunza mambo ya fedha. Mwaka 1885 John Henry Thiry, mhamiaji kutoka Ubelgiji, alianzisha benki ya akiba katika shule za Long Island City, katika jimbo la New York. Mfano aliutoa kwao. Huko Ghent profesa wa sheria aliyeitwa François Laurent alikuwa ameanzisha mpango wa namna hiyo mwaka 1866. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Siku moja katika juma mtoto alileta senti zake darasani. Mwalimu alizipokea na kuziandika. Kisha fedha zote zikapelekwa kwenye benki ya mji. Sara Louisa Oberholtzer wa Pennsylvania, aliyefanya kazi katika chama cha wanawake Wakristo waliopinga ulevi, aliueneza mpango huo katika majimbo mengi. Uhusiano wa mambo hayo mawili haukuwa wa bahati nasibu. Senti iliyowekwa shuleni leo ilitarajiwa kumzoeza mtoto, ili akiwa mtu mzima mshahara wake usiishie kilabuni.

Katika Vita Kuu ya Kwanza serikali nayo iliona faida ya tabia hiyo. Watoto waliuziwa stempu za senti 25. Aliyejaza kadi ya stempu 16 alibadilishiwa, kwa kuongeza senti chache, stempu kubwa ambayo serikali iliahidi kuilipa kwa dola 5 mwaka 1923. Hivyo uwekevu wa mtoto ukawa pia uzalendo wake, na mwalimu akawa wakala wa hazina.

Mwaka 1919, katika mji wa Springfield, Massachusetts, likaanzishwa shirika la Junior Achievement. Waanzilishi wake walikuwa Horace Moses, mwenye viwanda vya karatasi; Theodore Vail, mkuu wa kampuni ya simu ya AT&T; na Murray Crane, aliyekuwa seneta. Baada ya saa za shule vijana walikusanyika chini ya uongozi wa watu wazima, wakatengeneza vitu vidogo vidogo na kuviuza. Hapa kidogo mkazo uliondoka katika kuweka na kuelekea katika kuchuma, lakini kuchuma kwenyewe kulikuwa kwa mtu mmoja mmoja na kwa kikundi chake. Kwa nini bei hupanda, kwa nini kiwanda hufungwa, na nani huamua kiwango cha mshahara, hayo hayakuwa maswali ya karakana.

Mwaka 1929 maswali hayo yalikuja yenyewe. Kati ya 1930 na 1933 benki zipatazo 9,000 zilianguka katika Marekani, na kufikia 1933 kiasi cha robo ya wafanyakazi hawakuwa na kazi. Mzazi aliyekuwa mlevi na mzazi aliyekuwa mwekevu walisimama katika foleni moja ya kugawiwa mkate. Kwa muda wa karibu miaka hamsini shule ilikuwa imemweleza mtoto kwamba umaskini ni matokeo ya ukosefu wa akiba. Sasa akiba yenyewe ilikuwa imefungiwa ndani ya benki isiyofunguliwa. Methali za uwekevu hazikuwa zimesema uongo. Zilikuwa zinajibu swali jingine.

Kuundwa kwa Baraza, 1942–1949

Wazo la kuwa na elimu ya namna nyingine lilitoka kwa wafanyabiashara wenyewe. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, iliundwa Committee for Economic Development, yaani Kamati ya Maendeleo ya Uchumi, na mwenyekiti wake wa kwanza akawa Paul Hoffman, mkuu wa kampuni ya magari ya Studebaker. Hofu ya watu hao ilikuwa kwamba amani ingerudisha ukosefu wa kazi wa miaka ya 1930. Waliamini kwamba serikali, viwanda na wafanyakazi wangeweza kuizuia hali hiyo kwa mipango ya makusudi. Sheria ya Ajira ya mwaka 1946 iliipa serikali wajibu huo. Lakini katika nchi ambayo kodi, deni la taifa na mishahara ni mambo yanayopigiwa kura, mpango hauwezi kusimama ikiwa mpiga kura hauelewi. Ndipo shule ilipokumbukwa.

Katika majira ya joto ya mwaka 1948 walimu walikusanywa katika semina iliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha New York kwa msaada wa Kamati hiyo, wakasoma uchumi na wataalamu na kuzungumza jinsi ya kuufunza. Kutokana na semina hiyo Baraza likaundwa mwaka 1949, na mkurugenzi wake wa kwanza akawa G. Derwood Baker, mwalimu wa taaluma ya elimu katika chuo hicho.

Yafaa kulitazama neno "pamoja" lililowekwa katika jina. Katika uongozi wa Baraza walitakiwa wawemo wafanyabiashara, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, wakulima, wataalamu wa uchumi na watu wa elimu. Mpango huo ulikuwa ngao. Mwaka 1947 mtaalamu Lorie Tarshis alikuwa ametoa kitabu cha vyuo kilichoeleza mawazo ya John Maynard Keynes, yaani kwamba serikali inaweza kutumia fedha zake kuzuia ukosefu wa kazi. Mwandishi Rose Wilder Lane alikishambulia kitabu hicho kama chombo cha ukomunisti. Kampeni ikaanzishwa dhidi ya vyuo vilivyokitumia, na vingi vikakiacha. Mwaka uliofuata kitabu cha Paul Samuelson kilishambuliwa pia, ingawa chenyewe kiliokoka na kikawa maarufu duniani kote. Ikiwa profesa wa chuo kikuu aliweza kuadhibiwa kwa kueleza jinsi matumizi ya serikali yanavyofanya kazi, mwalimu wa shule ya mji mdogo angefanywaje? Kwa kukaa pamoja, mwajiri na mwajiriwa walimpa mwalimu kibali ambacho upande mmoja peke yake usingeweza kukitoa.

Kibali hicho kilikuwa na gharama yake. Fedha za Baraza zilitoka katika Kamati ya wafanyabiashara, na baadaye katika makampuni na wakfu kama ule wa Ford. Shirika linalolishwa na waajiri haliwezi kuwa huru kabisa linapofika katika somo la mshahara. Baraza lilijaribu kujitoa katika mtego huo kwa kanuni moja: kumfunza mwanafunzi namna ya kufikiri na kumwachia uamuzi. Kanuni hiyo ilikuwa ya hekima, na pia ilikuwa ya woga. Ililinda somo lisiwe mahubiri, lakini ilifanya baadhi ya maswali makubwa, kama vile nani anamiliki nini na alikipataje, yapate nafasi ndogo kuliko yanavyostahili.

Uchumi waingia darasani, 1958–1977

Jambo lililowaongezea nguvu walimu wa uchumi lilikuwa ripoti ya mwaka 1961. Kwa ombi la Kamati ya Maendeleo ya Uchumi, chama cha wataalamu wa uchumi wa Marekani kiliteua tume ya kitaifa chini ya George Leland Bach wa Taasisi ya Teknolojia ya Carnegie. Tume iliandika kile ambacho mwanafunzi wa sekondari apaswa kukijua kabla ya kutoka shuleni, na mkazo wake ulikuwa katika kufikiri kwa mantiki juu ya matatizo ya uchumi kuliko kukariri majibu. Katika mwaka wa masomo wa 1962–63 televisheni ya CBS ilirusha masomo ya uchumi ya asubuhi yaliyofunzwa na John Coleman, na walimu waliokuwa hawajapata kusoma uchumi chuoni waliweza kuyafuata nyumbani kwao.

Mchango unaostahili kuangaliwa zaidi na watu wa lugha ni ule wa Lawrence Senesh. Mtaalamu huyu, mzaliwa wa Hungaria, alifanya kazi na Baraza kabla ya kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Purdue. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika shule za mji wa Elkhart, Indiana, alianza kufunza mawazo ya msingi ya uchumi kwa watoto wa darasa la kwanza, na baadaye akatoa mfululizo wa vitabu vya kiada. Senesh alisema kwamba wazo kuu halina umri: kinachobadilika ni kina chake. Kwa mtoto wa miaka sita alianzia nyumbani. Mama apikapo anazalisha. Mtoto alapo anatumia. Wote wanataka zaidi ya kile kilichopo, basi lazima kichaguliwe kimoja na kingine kiachwe. Kutoka nyumbani alikwenda mtaani, kutoka mtaani mjini, na kutoka mjini katika taifa.

Kwa njia hiyo Senesh alilirudisha neno la Kigiriki katika nyumba lilikotoka, lakini kwa kusudi tofauti na lile la benki ya shule. Thiry aliitazama nyumba kama mahali pa kujizuia. Senesh aliitazama kama kiwanda kidogo ambacho ndani yake mtoto anaweza kuuona mfumo wote. Mtoto wa Thiry aliulizwa ameweka kiasi gani. Mtoto wa Senesh aliulizwa kwa nini vitu havitoshi, na nani anaamua vigawiwe vipi.

Mwaka 1964 Baraza lilianzisha mpango wa kuuingiza uchumi katika ngazi zote za shule, kuanzia darasa la chini kabisa hadi mwisho wa sekondari, kwa kushirikiana na wilaya za elimu. Mwaka huo huo likatokea jaribio rasmi la kupima uelewa wa uchumi wa wanafunzi wa sekondari. Mwaka 1969 likaanza jarida la kitaaluma la elimu ya uchumi. Mwaka 1977 likatolewa pendekezo la muundo wa somo zima, lililoandikwa na W. Lee Hansen na wenzake, ambalo lilipanga dhana za msingi: uhaba, uzalishaji, soko, bei, fedha, ajira, mfumko wa bei, biashara ya nchi na nchi. Hali kadhalika mtandao wa mabaraza ya majimbo na vituo vya vyuo vikuu ulienea nchini, na hapo ndipo kazi kubwa ya kila siku ilipofanyika: mwalimu wa historia au jiografia, aliyeambiwa afunze uchumi bila ya kuwa na elimu yake, alikuja kwa majuma machache ya likizo akarudi na somo.

Mtu akiitazama orodha ya dhana za mwaka 1977 kwa macho ya Kiswahili ataona mara moja kwamba karibu zote ni za uchumi na chache mno ni za uwekevu. Akiba imo, lakini imo kama sehemu ya mzunguko: kinachowekwa na mmoja hukopwa na mwingine kikawa mtaji. Haimo kama tabia njema.

Jina la tatu: biashara huria

Katika miaka ya 1970 mfumko wa bei na uhaba wa mafuta uliyatia makampuni wasiwasi kwamba vijana walikuwa wanapoteza imani na ubepari. Majimbo kadhaa yalipitisha sheria za kutaka shule zifunze "mfumo wa biashara huria". Huko Texas jina la somo lenyewe liliandikwa kuwa ni uchumi wenye kutilia mkazo mfumo wa biashara huria pamoja na faida zake. Neno "faida" katika jina hilo lafaa kuangaliwa. Somo ambalo jina lake limekwisha kutaja matokeo halimwachii mwanafunzi mengi ya kuamua. Mwaka 1975 Junior Achievement, ambayo hadi hapo ilikuwa ya baada ya saa za shule, iliingia madarasani mchana kwa kuwatuma wafanyabiashara wafunze.

Baraza halikuweza kuyakwepa mawimbi hayo. Sheria za majimbo zilileta wanafunzi na fedha. Na mwalimu aliyelazimishwa kufunza biashara huria alihitaji semina kama mwingine yeyote. Baraza lilimpokea na kumpa dhana zake zile zile. Hapana shaka katika madarasa mengi dhana hizo zilimsaidia mwalimu kuligeuza somo la sifa kuwa somo la kufikiri. Katika mengine zilikuwa pambo tu.

Baada ya kuanguka kwa dola ya Kisovieti kazi ilivuka mipaka. Baraza, ambalo katika miaka ya 1990 lilijulikana kama National Council on Economic Education, lilianza mwaka 1995, kwa fedha za serikali ya Marekani, kuwafunza walimu wa nchi zilizokuwa za Kisoshalisti. Vitabu vyake vikatafsiriwa kwa lugha za huko. Kwa mara ya kwanza msamiati uliobuniwa kwa ajili ya mtoto wa Indiana ulitakiwa kusimama katika lugha ambazo zilikuwa na historia nyingine kabisa ya maneno kama soko, faida na mali ya mtu binafsi.

Kurejea nyumbani, 1995–2024

Sheria ya elimu ya Marekani ya mwaka 1994 iliutaja uchumi kuwa miongoni mwa masomo ya msingi, na mwaka 1997 Baraza likatoa viwango 20 vya somo hilo. Cha kwanza kinahusu uhaba, na viwili vya mwisho vinahusu ukosefu wa kazi na mfumko wa bei, pamoja na sera za serikali na benki kuu katika kuvikabili. Ilikuwa kilele cha kazi iliyoanza 1949.

Katika miaka hiyo hiyo upepo ulikuwa unageuka. Kadi za mikopo zilikuwa zimeenea hadi kwa wanafunzi wa vyuo. Pensheni zilizolipwa na mwajiri zilipungua, na mfanyakazi akaachiwa kujipangia akiba yake ya uzeeni. Mizigo iliyokuwa ya makampuni na serikali ilishuka juu ya mabega ya mtu mmoja mmoja, na shule ikaombwa imfunze kuibeba. Mwaka 1995 uliundwa muungano wa mashirika ulioitwa Jump$tart, wenye shabaha ya elimu ya fedha binafsi. Jaribio lake la kwanza la kitaifa kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, lililofanywa chini ya Lewis Mandell mwaka 1997, lilitoa wastani wa asilimia 57. La mwaka 2008 lilitoa asilimia 48. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba, kwa mujibu wa utafiti wa Mandell, wanafunzi waliokuwa wamesoma somo la fedha binafsi kwa kawaida hawakuwashinda wale ambao hawakulisoma.

Mwaka huo huo wa 2008 mikopo ya nyumba, ambayo benki zilikuwa zimeitoa, zikaifungasha na kuiuza kwa wengine, ilivunjika na kuvunja benki kubwa pamoja nayo. Wengi walisema chanzo ni raia wasiojua kusoma mkataba wa mkopo. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli, lakini ndiyo kauli ya mwaka 1885 ikiwa imevaa nguo mpya. Wakopaji walikuwa na makosa yao. Waliobuni mikopo ile walikuwa watu wenye shahada za juu za fedha. Ujinga wa hesabu hauwezi kuwa ndio sababu kuu ya msiba uliotengenezwa na mahodari wa hesabu.

Mwaka 2009 Baraza lilichukua jina la Council for Economic Education. Mwaka 2013 lilitoa viwango vya elimu ya fedha katika mambo sita: kupata kipato, kununua, kuweka akiba, kutumia mkopo, kuwekeza, na kujikinga kwa bima. Mwaka 2021 vilifuatwa na vingine vilivyotolewa kwa pamoja na Jump$tart. Baraza halikuviacha viwango vya uchumi. Lilivibeba vyote viwili. Lakini takwimu zake lenyewe, linazozikusanya kutoka majimboni tangu 1998, zinaonyesha mizani imeelekea wapi. Mwaka 2022 majimbo 25 yalimtaka mwanafunzi asome uchumi kabla ya kuhitimu, na majimbo 23 yalimtaka asome fedha binafsi. Mwaka 2024 yaliyotaka uchumi yalikuwa 28, na yaliyotaka fedha binafsi yalikuwa 35. Katika miaka miwili uwekevu uliupita uchumi.

Isidhaniwe kwamba elimu ya fedha haina kazi. Kijana asiyejua jinsi riba inavyozaa riba ataliwa, na "Mali bila daftari huisha bila habari". Tatizo ni la mahali lilipowekwa somo. Likifunzwa peke yake, elimu ya fedha humwambia mtoto wa mfanyakazi kwamba hali ya nyumbani kwao ni hesabu iliyokosewa na wazazi wake. Likifunzwa pamoja na uchumi, mtoto huyo anaweza kuuliza pia bei ya unga imepandishwa na nini, mshahara umeamuliwa na nani, na benki imefanya nini na akiba aliyopewa.

Hitimisho: maneno mawili na shule za Afrika Mashariki

Historia hii haiko mbali na wasomaji wa Kiswahili. Junior Achievement imekuwa ikifanya kazi hata nchini Kenya, na masomo ya fedha kwa vijana yanahimizwa na mabenki na mashirika katika Afrika Mashariki yote. Eneo hili lina urithi wake pia. Benki ya Akiba ya Posta ilianzishwa Kenya mwaka 1910. Vyama vya akiba na mikopo vimeyaunganisha mambo mawili ndani ya jina moja: mwanachama anaweka, na mwenzake anakopa. Nchini Tanzania, Mwalimu Julius Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shamba la shule lilitakiwa liwe mahali ambapo mwanafunzi anachuma kweli na anashiriki katika kuamua matumizi ya alichokichuma. Utekelezaji wake ulikuwa na kasoro nyingi, na katika shule nyingi shamba liligeuka kuwa kazi ya kulazimishwa. Lakini kwa upande wa msamiati lilikuwa karibu sana na asili ya neno uchumi.

Lugha imekwisha kupata jina linalofaa kwa somo jipya, nalo ni "elimu ya fedha". Ni jina la kweli, maana linasema lililomo. Hatari itakuja pale watayarishaji wa mitaala na watafsiri watakapoliita somo hilo "elimu ya uchumi" kwa kufuata neno la Kiingereza ambalo hubeba maana zote mbili. Hapo Kiswahili kitakuwa kimeipoteza tofauti ambayo wenye Kiingereza wangeitamani, na mwanafunzi wa Kisumu au Tanga atafunzwa kuweka akidhani amefunzwa jinsi nchi yake inavyochuma.

Kazi ya watu wa lugha katika jambo hili ni ndogo na ya lazima. Ni kuyalinda maneno haya yakae kila moja mahali pake katika kamusi, katika vitabu vya kiada na katika karatasi za mitihani: uwekevu na akiba kwa jambo la nyumbani, uchumi kwa jambo la taifa. Wanauchumi na walimu watajadiliana kuhusu kiasi cha kila kimoja. Mjadala huo utakuwa wa haki iwapo wazazi na wanafunzi wataweza kujua, kwa kulisikia jina la somo, ni kipi walichopewa na ni kipi walichonyimwa.